Umeme umerudi, intaneti imerudi, simu za mezani bado: fundi anajibu

Safari hii maswali ya printa nimeyaweka pembeni kwanza, maana meseji zilizojaa ni za kitu kimoja tu, simu za ofisini zile za IP zinazopita kwenye waya wa mtandao, kwamba umeme ukikatika au intaneti ikipotea halafu ikarudi, kompyuta zinashika zenyewe ila simu zinabaki zimeduwaa. Nimechagua barua ambazo kila moja ina ugonjwa wake, kwa sababu watu wengi wanadhani ni ugonjwa mmoja na ndo maana kila siku wanapewa dawa ile ile, chomoa chomeka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja hapa Area D, Dodoma, tuna simu za mezani ishirini na kitu kwenye ghorofa mbili. Umeme ukikatika ukirudi, kompyuta zinapata intaneti vizuri tu ila simu kama nusu zinagoma, zingine zinaandika zinatafuta IP, zingine zinaandika No Service, na sio zile zile kila siku, leo ya uhasibu kesho ya bosi. Kazi yangu imekuwa kupanda ngazi nachomoa nachomeka. Kuna kijana tukimwita naye anafanya hivo hivo halafu anadai hela. Simu zimechoka au?

JIBU: Marahaba, na pole na ngazi. Simu zako ni nzima. Hilo la kusema sio zile zile kila siku ndo ushahidi wenyewe, simu mbovu ingekuwa mbovu leo na kesho. Shida yenu ni nani anaamka kwanza.

Umeme ukirudi vitu vyote vinawaka kwa mpigo ila havimalizi kuamka pamoja. Ile swichi ya mtandao inayolisha simu umeme kwa waya huo huo mmoja, PoE wanavyoita, kuna zinazoanza kutoa umeme mapema kabla hata hazijaanza kupitisha data vizuri, basi simu inawaka, baada ya muda mfupi inaanza kuuliza jamani nipeni anwani, na anayegawa anwani, yaani DHCP, ambayo kwa ofisi nyingi iko kwenye rauta au kwenye seva, bado hajaamka. Seva ndo kabisa, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Juu ya hapo swichi zikiwa na mpangilio wa kizamani wa kuzuia waya usizunguke, ile spanning tree, kila poti ikiwaka inakaa sekunde 15 inasikiliza na 15 zingine inajifunza, sekunde 30 nzima haipitishi kitu, na simu inaomba anwani humo humo ndani ya hizo sekunde, maombi yanaishia pale pale kwenye poti. Laptopu haikumbwi na hili kwa sababu mara nyingi mtu anaiwasha baadae, na hata ikiwa imewaka inaendelea kuomba kimya kimya huku wewe unatafuta chaji. Simu nazo nyingi zinaendelea kuomba ila kila zikishindwa zinasubiri muda mrefu zaidi kabla ya kujaribu tena, na kuna zinazojipachika anwani ya kubahatisha zikakaa nayo.

Sasa kabla hujapanda ngazi siku nyingine, fanya kitu kimoja. Kaa mbele ya simu iliyogoma, usichomoe. Kwenye Yealink nyingi ukibonyeza kitufe cha OK simu ikiwa imetulia inakuletea hali yake, kwenye simu zingine ingia Menu halafu Status, tafuta anwani ya IP uiandike kwenye karatasi pamoja na namba ya ekstensheni. Ukikuta 0.0.0.0 au inayoanza na 169.254 ujue haijapewa anwani na mtu yeyote, ni hayo mambo ya kuamka niliyosema. Ukikuta anwani ipo ila ni ya ukoo wa kompyuta, mfano simu zenu zote huwa zinaanza na 192.168.20 halafu hii imepata 192.168.1, hiyo imeingia njia isiyo yake, imeikosa VLAN ya sauti, yaani njia iliyotengwa kwa simu peke yake ndani ya mtandao ule ule. Simu ikiwaka inasikiliza swichi iiambie iende VLAN gani, kwa lugha ya LLDP, na swichi kwa kawaida inatangaza kila sekunde 30, simu isiyokuwa na subira ikikosa tangazo inajiingilia tu kwa kompyuta, na huko seva ya simu, ile inayoziunganisha simu zote, haionekani. Ukikuta anwani ni sahihi kabisa ila bado No Service, basi simu imefika mtandaoni ila seva ya simu haijaipokea, na hapo soma barua ya Singida hapo chini.

Hiyo karatasi mpe huyo kijana. Kama kweli ni mtu wa mtandao atajua cha kufanya bila kugusa simu hata moja: poti zote zinazoenda kwenye simu na kompyuta aziweke kwenye hali ya edge, kwa Cisco wanaita PortFast, zisisubiri zile sekunde 30, ila asiweke hivo kwenye poti zinazounganisha swichi na swichi, huko akikosea na waya ukazunguka ofisi nzima inalala. LLDP iwe imewashwa kwenye swichi, au namba ya VLAN iandikwe moja kwa moja ndani ya simu. Rauta, seva na swichi kuu zikae kwenye UPS, ile betri ya akiba. Na siku zikigoma bado, mtu mmoja anakaa kwenye kompyuta, anasubiri dakika kama tano rauta na seva ziamke, halafu anaingia kwenye swichi anazima PoE ya poti za simu na kuiwasha tena, simu zote zinaanza upya kwa pamoja. Huko kuzima na kuwasha ni kitu cha dakika mbili. Kijana akikwambia hakiwezekani muulize swichi yenu ni ya aina gani, kuna zile za bei nafuu zisizo na menyu yoyote, hizo kweli haiwezekani, na hapo hela ya kumlipa kila wiki bora mngenunulia swichi.

SWALI: Mkuu habari za majukumu. Niko Singida, ni mtu wa IT kwenye ofisi yenye tawi moja. Seva yetu ya simu haipo hapa, tunalipia huduma ya mtandaoni. Tuna rauta ya MikroTik na laini mbili, faiba ndo kuu, 4G ni ya akiba. Kinachonishangaza ni hiki, faiba ikikata simu zinahamia 4G bila shida au baada ya muda kidogo, ila faiba IKIRUDI ndo simu zinakufa! Intaneti inafungua, YouTube inacheza, simu No Service. Nazima simu nawasha, hola. Nikizima rauta zinarudi zote. Nimeshaambiwa ni fimwea, ile programu ya ndani ya simu, nimeapdeti simu zote, hamna kitu.

JIBU: Salama mkuu. Barua yako nimeipenda maana umeandika kila kitu, hadi hiyo ya kuzima rauta ndo inarudi, na jibu liko hapo hapo. Fimwea haina kosa.

Rauta yako inatunza kumbukumbu ya kila mazungumzo yanayopita, simu ya fulani inaongea na seva fulani kwa poti fulani (hapa poti ni namba ya mlango, sio tundu la waya), na inatoka nje ikiwa imevaa anwani ya laini fulani. Wakati faiba imekata, simu ilijisajili kupitia 4G, kwa hiyo kwenye kumbukumbu imeandikwa huyu anatoka na anwani ya 4G. Faiba ikarudi. Rauta inabadilisha njia, paketi zote, vile vipande vya data, sasa zinapita faiba, ila yale mazungumzo ya simu yana kumbukumbu ya zamani, kwa hiyo paketi inatoka kwa waya wa faiba ikiwa imevaa anwani ya 4G. Huko mbele aidha inatupwa au jibu linaenda kwenye laini nyingine kabisa. Ni sawa na mtu anasubiri basi la mkoani pale stendi ya zamani katikati ya mji wa Dodoma wakati mabasi yanapakia stendi ya Nanenane, basi lipo na nauli anayo ila hawatakutana.

Utauliza mbona YouTube inacheza. Kwa sababu kivinjari kila mara kinafungua mazungumzo mapya, na mapya yanaandikwa na anwani mpya. Simu yako inayoongea na seva kwa lugha ya SIP, ikisafirishwa kwa njia ya UDP, haifungui mapya, inatumia poti ile ile, mara nyingi 5060 kwenda 5060, leo kesho na mtondogoo. Na sasa sikiliza utamu wake: kumbukumbu ya UDP kwenye MikroTik, mazungumzo yakishakuwa ya pande mbili, inafutika yenyewe baada ya dakika 3 za kimya. Tatizo simu yako haikai kimya. Umeiwekea keepalive, au fundi aliyekuja kabla yako aliiweka, kila sekunde 30 inarusha kitu kidogo kusema nipo, na kila ikirusha ile kumbukumbu mbovu inapata uhai tena wa dakika 3. Simu inaililia seva na kilio chenyewe ndo kinaizuia isisikike.

Ndo maana kuzima na kuwasha simu hakusaidii, inarudi ndani ya dakika moja au mbili na poti ile ile, inaikuta kumbukumbu haijafa bado. Jaribu uone mwenyewe, chomoa simu moja ukanywe chai, urudi baada ya robo saa uichomeke, itasajili kama hakijatokea kitu. Wengi wanasema simu ilipumzika ikapona hehe.

Sasa dawa. Kwa haraka, fungua Winbox, ile programu ya kusimamia MikroTik, nenda IP, Firewall, kichupo cha Connections, chuja poti 5060, chagua zote ufute. Simu zitarudi zenyewe kila moja ikifikia zamu yake ya kujaribu, huhitaji kuzima rauta na kukata watu wote kazi. Kwa kudumu, weka skripti ndogo, kama unatumia Netwatch kuangalia faiba basi iweke huko, kwamba faiba ikipotea NA ikirudi, kote kote, ifute hizo za 5060. Nasisitiza ikirudi maana watu wengi wanaweka ya kupotea tu.

Halafu ujue kwanini kwenda 4G hakuleti shida kubwa kwako na kurudi ndo kunaleta. Ukitumia masquerade, ule mpangilio wa kuzivalisha paketi anwani ya laini zinapotoka, MikroTik yenyewe inafuta kumbukumbu za laini pale poti inapozimika au anwani ikibadilika. Faiba ikikatika hadi taa ya poti ikazima, inafuta, safi. Ila faiba ikirudi, 4G yenyewe haijazimika, ipo tu inasubiri, kwa hiyo hakuna kinachofutwa. Na hata kule kwenda, kama waya kutoka kwenye kile kiboksi cha faiba bado uko hai ila intaneti ndo imekufa huko mbele, nako hakufutwi kitu, huenda ndo ile unayosema baada ya muda kidogo.

Ukiwa humo humo ingia Service Ports uzime ile sip. Rauta inajaribu kusaidia kwa kubadilisha anwani ndani ya ujumbe wa simu na watoa huduma wengi wa simu za mtandaoni wanaomba izimwe, ikikosea kubadilisha unapata simu inaita ila sauti upande mmoja.

SWALI: Fundi sisi tuko Kizota, ghala na ofisi. Zetu zina tofauti, simu zimewekwa kwenye UPS kwa hiyo hazizimi, rauta tu ndo inazima maana iko chumba kingine. Umeme ukirudi tunaweza KUPIGA lakini wateja wakitupigia hawatupati, wanaambiwa hatupatikani. Baadae kama lisaa hivi inakaa sawa. Wateja wanadhani tumefunga.

JIBU: Simu zenu hazijui kwamba kuna kitu kilitokea. Zilijisajili kwa seva, zikapewa muda, na simu nyingi kiwandani zimewekwa sekunde 3600, yaani hilo lisaa lenu hasa. Rauta ikazima ikawaka, njia ya kurudia kutoka kwa seva kuja kwenu imefutika, simu haina habari, inasema nimesajiliwa mpaka saa fulani niache nilale. Seva ikitaka kuwaletea simu ya mteja inagonga mlango ambao haupo tena. Nyie mkipiga mnafungua njia mpya wenyewe ndo maana inakubali, na ndo maana pia ukishapiga simu moja kutoka mezani kwako unaweza kukuta na zinazoingia zimeanza kuingia, kwa muda.

Ingia kwenye setingi ya akaunti ya simu, tafuta muda wa usajili, shusha uwe sekunde 300 au hata 120, halafu washa keepalive kama imezimwa (kama hamna laini mbili kama huyo wa Singida haitawasumbua). Huo muda wa usajili msiushushe hadi sekunde 30 hivi, simu nyingi kwa pamoja zinaipa seva kazi bure na watoa huduma wengine wanakataa muda mfupi hivyo. Na hiyo rauta ihamisheni kwenye UPS jamani, inakula umeme kidogo sana, mmeilinda simu mkaacha mlango.

SWALI: Shkamoo kaka. Ofisi yetu ilihamia Dodoma kutoka Dar tukaja na vitu vyote hadi simu. Kuna fundi alizibadilishia setingi moja moja hapa zikawa zinafanya kazi vizuri kabisa. Sasa kila umeme ukikata zikirudi zinakuwa na setingi za Dar, jina la zamani la ekstensheni linatokea kwenye kioo!! Wenzangu wanasema zina jini.

JIBU: Marahaba. Tangu lile wimbi la kuhamia huku lianze 2016 haya mambo nimekuwa nayasikia, mafaili yanahama, viti vinahama, na simu zinahama na kumbukumbu zake.

Simu za IP zikiwaka zinauliza kama kuna faili la setingi la kupakua. Anayeziambia pa kulipata ni DHCP, kwa kile kipengele namba 66, au kwa Cisco namba 150, au anwani imeandikwa ndani ya simu yenyewe kwenye sehemu ya kujisanidi. Fundi wenu alibadilisha kwa mkono kwenye kioo au kwenye ukurasa wa simu, vizuri, zikafanya kazi, ila kule kwenye seva lile faili la Dar lipo vile vile. Simu ikizimika na kuwaka inalipakua na kufuta yote ya fundi. Isipozimika hata mwaka mzima itafanya kazi, ndo maana mnaona umeme ndo mkosaji.

Kwa hiyo msirudie setingi tena kwa mkono, mtachoka. Tafuteni huyo seva anayegawa mafaili mumbadilishie faili lenyewe, au kama hana mwenyewe siku hizi, futeni hiyo anwani ndani ya simu na kipengele 66 kwenye rauta, kisha ndo mpange upya. Anayesimamia hiyo seva muulizeni pia kama kuna wenzenu Dar ambao simu zao bado zinatumia faili hizo, msije mkarekebisha zenu mkaharibu za wenzenu.

SWALI: Ofisi ya mazao, Kibaigwa. Umeme ukirudi simu zinarudi ZOTE, zinakaa kama dakika moja hivi halafu zinakufa ZOTE, baada ya dakika kumi zinarudi tena, halafu zinakufa. Tunaomba msaada msimu wa mahindi huu.

JIBU: Kuna simu moja mahali fulani ina neno la siri lisilo sahihi. Seva nyingi za simu zina mlinzi, fail2ban ni maarufu, na ukimkuta hajaguswa anamfungia dakika 10 mtu yeyote aliyekosea mara 5 ndani ya dakika 10. Kama seva iko nje ya ofisi, yenyewe inaona simu zenu zote ni anwani moja tu ya intaneti, kwa hiyo mmoja akikosea mnafungiwa wote. Dakika 10 zenu ndo zimenipa jibu.

Zungukeni, mara nyingi ni simu ya mtu aliyeacha kazi ambayo imebaki imechomekwa stoo au nyuma ya kabati na akaunti yake ilibadilishwa. Umeme ukirudi nayo inawaka na kuanza kubisha. Ichomoeni, halafu anayesimamia seva awafungulie na aandike anwani ya ofisi kwenye orodha ya wasiofungiwa, kama mna anwani isiyobadilika.

SWALI: Simu ikirudi inaonyesha tarehe 1 Januari 1970 saa tisa usiku na inakataa kusajili. Simu ya jirani yake aina tofauti inakubali. Niko Makulu.

JIBU: Simu nyingi hazina betri ya saa, zikizimika zinasahau hadi mwaka, zinaanzia sifuri ya kompyuta ambayo ni saa sita usiku ya kuanza 1970 kwa saa za dunia, na sisi tuko masaa matatu mbele ndo unaona saa tisa. Hii simu yako bila shaka inasajili kwa njia iliyofungwa, TLS, poti 5061, na cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, ikiwa mwaka 1970 cheti kinaonekana bado hakijazaliwa, inakataa. Jirani anatumia njia ya wazi ya 5060, haulizi tarehe. Wala usikimbilie kuihamishia kwenye ya wazi. Weka rauta iwe inagawa saa, NTP, halafu kwenye simu andika anwani ya rauta kama chanzo cha saa badala ya jina refu la mtandaoni ambalo linahitaji DNS, yule anayegeuza jina kuwa anwani, iamke kwanza.

SWALI: Mpwapwa hapa. Baada ya radi simu za jengo la nyuma zinawaka taa ila hazipati mtandao hata tukisubiri siku nzima.

JIBU: Hiyo sasa ndo ya kufa kweli. Waya wa shaba umetoka jengo moja hadi jingine kupitia nje, si ndio? Radi haihitaji kuupiga waya, ikipiga jirani tu inatosha. Chukueni simu moja ya huko mje muichomeke jengo la mbele, ikikubali simu ni nzima na poti ya swichi ndo imekwenda, jaribuni poti zingine. Mkirudisha kitu kati ya majengo wekeni faiba, kioo hakipitishi umeme wa radi, na hata urefu wa mita 100 ambao ndo mwisho wa waya wa kawaida hautawabana. Mvua zetu zinaanza Desemba hivi hadi Aprili, msisubiri nyingine.

SWALI: Mimi ndo bosi mwenyewe, Kisasa. Nina simu saba. Nilinunua swichi ya PoE ya poti nane, tulipozifunga simu moja moja zote ziliwaka. Umeme ulivyokatika juzi ukarudi, nne zimewaka tatu nyeusi kabisa, hata taa hamna. Nibadilishe simu zote ninunue za kisasa? Nimepewa bei hapa naogopa.

JIBU: Mkuu weka hela chini kwanza. Geuza hiyo swichi usome chini au nyuma yake, kuna wati zimeandikwa za PoE kwa jumla. Poti nane haina maana umeme wa nane. PoE ya kwanza, ile 802.3af ya 2003, inaruhusu hadi wati 15.4 kwa poti, na kuna swichi zinazoitengea simu wati zote hizo kabla haijajitambulisha vizuri au kama simu haisemi ni ya daraja gani la kula umeme. Swichi ya wati 65 ukigawanya kwa 15.4 unapata nne, na wewe umeniandikia nne. Mlipofunga moja moja kila simu ilishawaka ikatulia ikawa inakula wati chache, kwa hiyo nafasi ilibaki, ila umeme ukirudi zote zinaomba kwa wakati mmoja na wa mwisho wanakosa.

Chomoa hizo tatu zichomeke tena baada ya nne za mwanzo kutulia, zikiwaka basi ni hilo. Ukiona swichi ina menyu, mwambie fundi aiweke ihesabu matumizi halisi badala ya daraja, na aiweke simu ya mapokezi kipaumbele cha juu. Haina menyu? Hizo tatu zinunulie vichomeko vyake vya umeme, ni bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo uliyopewa, au badilisha swichi peke yake. Kisha swichi na rauta kwenye UPS, na mapokezi pawe na simu ya mkononi yenye chaji siku zote, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zisitegemee simu ya mezani ambayo ikikosa umeme ni jiwe tu. Ukishanunua UPS bandika karatasi kabisa kwamba birika la chai halichomekwi hapo, maana ofisi nyingi ninazoziona ndo linakochomekwa.